Kompaila ipo, kompyuta haijui njia: kurekebisha PATH hatua kwa hatua

Binti mmoja alivuka feri kutoka Likoni akaja darasani kwangu Tudor, kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa ameshapakua JDK mara tatu kwa bando la simu, na kila faili ni zaidi ya megabaiti 150. JDK ni kifurushi cha zana za Java, na ndani yake mna kompaila, programu inayotafsiri msimbo ulioandika ili uweze kuendeshwa; amri yake ni `javac`.

"Shikamoo mwalimu. Nimeiweka, nimeifuta, nimeiweka tena. Kila nikiandika javac yaniambia haiijui."

"Marahaba. Hebu nionyeshe yasemaje."

Akafungua dirisha la amri, akaandika, ikatokea:

```
'javac' is not recognized as an internal or external command,
operable program or batch file.
```

JDK ilikuwamo ndani ya kompyuta yake tangu ile mara ya kwanza. Kilichokosekana kilikuwa herufi tatu tu, na nitazionyesha zilipokosekana. Yaniuma kuona mwanafunzi anamaliza bando, na wakati mwingine hamu yenyewe ya kujifunza, kwa jambo la dakika kumi. Kwa hiyo nazipanga hapa hatua zile zile tulizopita na binti yule. Mfano wangu ni wa Java kwenye Windows, kisha nitagusia gcc, kompaila ya lugha za C na C++, na Linux.

Kwanza, PATH yenyewe ni nini

Mtume kijana Mji wa Kale akamwite fundi Salim. Swali lake la kwanza ni: nimtafute wapi? Unampa orodha: anza Kibokoni, ukimkosa pita Makadara, ukimkosa nenda Bondeni. Kijana anafuata orodha hiyo kwa mpangilio wake. Akimkuta Salim wa kwanza anarudi naye papo hapo, hata kama wewe ulimtaka Salim mwingine aliyeko Bondeni. Akifika mwisho wa orodha bila kumwona, anarudi kukwambia: hayuko. Fundi anaweza kuwa amekaa dukani kwake Majengo anashona, ila Majengo hukuitaja.

PATH ndiyo orodha hiyo. Ni majina ya folda yaliyopangwa, kwenye Windows yakitenganishwa kwa nukta-mkato (`;`) na kwenye Linux kwa nukta mbili (`:`). Ukiandika `javac` bila kusema iko wapi, kompyuta inapita folda moja moja na kusimama inapokutana na ya kwanza. Shida karibu zote za PATH ni mbili: mtaa haukutajwa, au amepatikana Salim asiye wako.

Hatua ya 1: Soma ujumbe kabla ya kufuta chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa muda mwingi. "Is not recognized", au "command not found" kwenye Linux, maana yake kompyuta haikuiona kompaila. Hapo endelea na hatua ya 2.

Ukiona `error: file not found: Habari.java` (Habari ni jina la programu yetu ya mfano), basi javac imepatikana na inafanya kazi vizuri. Faili yako ndiyo haionekani. Andika `dir` utazame. Aghalabu uko kwenye folda nyingine, au Notepad imeihifadhi kwa jina la `Habari.java.txt` na Windows inakuficha ule mkia wa mwisho. PATH haina kosa hapo, usiiguse.

Ukiona `Could not find or load main class`, kompaila imeshamaliza kazi yake na java ndiyo inayolalamika. Huenda umeandika `java Habari.class` badala ya `java Habari`. Au kuna programu iliyoweka CLASSPATH, ambayo ni orodha nyingine kabisa: PATH hutafuta programu, CLASSPATH hutafuta klasi za Java. Majina yanafanana, watu wanazichanganya, na nimeona mtu akihangaika siku nzima kurekebisha moja ilhali kosa liko kwenye ya pili.

Hatua ya 2: Uliza kompyuta inatafuta wapi

```
where javac
echo %PATH%
```

Amri ya kwanza ikijibu `INFO: Could not find files for the given pattern(s).`, javac haimo katika mtaa wowote uliotajwa. Ya pili inamwaga orodha nzima.

Angalia dirisha lako ni lipi. Mstari ukianza na `PS`, uko PowerShell, na huko neno `where` lina kazi nyingine: litanyamaza tu, nawe utadhani hakuna kitu. Huko andika hivi:

```
where.exe javac
$env:Path -split ';'
```

Hiyo ya pili inapanga kila folda kwenye mstari wake, na mimi naipenda kuliko ule msururu wa `echo`. Isome mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Kwa binti yule tulifika mstari wa tisa tukakuta:

```
C:\Java\jdk-21.0.2
```

Aliuongeza mwenyewe baada ya kutazama video. Unaonekana sawa kabisa, na ndiyo maana hakuushuku.

Hatua ya 3: Itafute kompaila ilipo kweli

```
where /r C:\ javac.exe
```

Kwenye PowerShell anza na `where.exe`. Amri hii inapekua diski yote, kwa hiyo ipe muda, hasa kompyuta ikiwa kuukuu. Kwetu ikajibu:

```
C:\Java\jdk-21.0.2\bin\javac.exe
```

Linganisha na ule mstari wa tisa. Herufi tatu: `bin`. Kijana alitumwa mpaka mlango wa jengo, akaangalia uani, akarudi. PATH haiingii ndani ya vyumba, hutazama folda iliyotajwa peke yake. Kosa la upande wa pili lipo pia, la kuandika mpaka `javac.exe` mwishoni. PATH inataka folda, haitaki faili.

Ikiwa utafutaji haukuleta kitu, basi kweli kompaila haimo. Huenda una JRE, inayoendesha programu za Java bila kuzitafsiri. Hapo ndipo bando litumike kupakua JDK, si kabla.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa anwani yake kamili

```
C:\Java\jdk-21.0.2\bin\javac.exe -version
```

Ikijibu `javac 21.0.2`, kompaila ni nzima na kilichobaki ni njia. Kama anwani ina nafasi katikati, mfano `C:\Program Files\...`, izungushie alama za kunukuu. PowerShell itataka pia alama ya `&` mbele yake. Tena alama hizo ziandike mwenyewe kwa kibodi. Ukinakili amri kutoka WhatsApp au hati ya Word, mara nyingi alama za kunukuu huja zimepinda, na dirisha la amri haliziheshimu.

Hatua ya 5: Irekebishe kwa dirisha hili peke yake

```
set PATH=C:\Java\jdk-21.0.2\bin;%PATH%
javac -version
```

Mabadiliko haya yanakufa ukifunga dirisha, na huo ndio uzuri wake: ukikosea, funga na ufungue jipya. Usisahau `%PATH%` mwishoni. Ukiiacha, umeifuta orodha yote na kuweka mtaa mmoja, na hata `ping` itakataa.

Kwenye PowerShell ni hivi: `$env:Path = "C:\Java\jdk-21.0.2\bin;" + $env:Path`

Hatua ya 6: Iweke idumu

Bonyeza kitufe cha Windows, andika `environment`, chagua *Edit the system environment variables*, kisha kitufe cha *Environment Variables*. Kuna masanduku mawili. La juu ni la mtumiaji, la chini ni la mfumo mzima. Chagua `Path`, bonyeza *Edit*, nenda kwenye ule mstari wenye kosa uongeze `\bin`. Kama haupo, bonyeza *New* ubandike anwani. Usiache nafasi mwanzoni wala mwishoni. Kisha *OK*, *OK*, *OK*, madirisha yote matatu.

Sasa funga kila dirisha la amri na ufungue jipya. Dirisha lililokuwa wazi lilibeba orodha ya zamani lilipozaliwa na halisomi tena. VS Code ni hivyo hivyo: ifunge yote, si kichupo kile cha terminali tu.

Hapa nina onyo ninalolisema kila darasa. Mtandaoni utakutana na ushauri wa kutumia `setx`, amri ya kuandika PATH idumu bila kupitia masanduku yale. Usiutumie kwa PATH. `setx` hukata maandishi yakipita herufi 1024. Niliwahi kuitumia na `/M`, yaani kwa mfumo mzima, kwenye kompyuta ya ofisi moja ya mizigo hapa mjini. Ikaandika onyo la mstari mmoja kuwa imekata, nami nikalipita bila kulisoma. Programu zote zilizokuwa mwishoni mwa orodha zikapotea njia, na karani alikuwa na kazi ya meli inayomsubiri. Kilichotuokoa ni kwamba dirisha lile nililoandikia nilikuwa sijalifunga. Kumbuka nilivyosema: dirisha hubeba orodha ya lilipozaliwa. Nikaandika `echo %PATH%` humo humo, nikapata orodha nzima ya zamani, nikairudisha mstari kwa mstari. Likikufika kama hilo, usifunge dirisha.

Hatua ya 7: Salim asiye wako

Tulipomaliza hatua ya 6, `javac Habari.java` ikapita. Binti akaandika `java Habari`, likaja kosa jipya, refu, likianza na `UnsupportedClassVersionError`. Uso ukamwanguka. Nikamwambia soma nambari: `class file version 65.0`, na mwishoni `up to 52.0`. Nambari hizi zina maana: 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Yaani programu imetafsiriwa na Java 21, ikaendeshwa na Java 8.

```
where java
```

Majibu yakawa mawili. La kwanza lilikuwa ndani ya `C:\Program Files (x86)\Common Files\Oracle\Java\javapath`, la pili ndani ya folda yetu. Kompyuta ilinunuliwa imeshatumika, na mwenyewe wa kwanza aliiacha na Java 8.

Sasa jambo ambalo video nyingi hazilisemi: Windows huanza na Path ya mfumo, kisha hubandika ya mtumiaji nyuma yake. Sisi tuliandika kwenye sanduku la juu, la mtumiaji, kwa hiyo hata tungeupandisha mstari wetu kileleni mwa sanduku hilo, ile ya zamani ingetangulia. Dawa ni mbili. Ondoa Java 8 kama hakuna programu inayoitegemea, au weka mstari wako kwenye sanduku la mfumo na uupandishe kwa *Move Up* mpaka uipite ile `javapath`. Utahitaji ruhusa ya msimamizi. Sisi tuliupandisha, kwa sababu kakaye hutumia programu ya zamani kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Hakikisha kwa kulinganisha. Nambari kuu, hapa 21, ziwe sawa:

```
java -version
javac -version
```

Ukiweka JAVA_HOME, inayozionyesha zana za kujenga miradi kama Maven au Gradle JDK iko wapi, kumbuka kinyume chake: yenyewe inataka `C:\Java\jdk-21.0.2` *bila* `bin`.

Kwa wa C na C++

Hatua ni zile zile, badilisha jina. Kama umeweka gcc kupitia MSYS2, kifurushi kinacholeta gcc kwenye Windows, na ulichagua mazingira yake ya UCRT64, folda ya kuongeza ni `C:\msys64\ucrt64\bin`. Dalili moja ya ziada: programu yako imetafsirika, lakini ukiifungua Windows inasema `libstdc++-6.dll` haipo. Faili hiyo iko ndani ya folda hiyo hiyo ya `bin`, na Windows huitafuta kupitia PATH pia.

Kwa wa Linux

Kwenye Ubuntu, `sudo apt install build-essential` au `sudo apt install default-jdk` huweka kila kitu mahali ambapo PATH inapajua, na wengi hawatahitaji zaidi ya hapo. Kama umefungua JDK mwenyewe ndani ya `/opt`, ongeza mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili inayosomwa kila ufunguapo dirisha la amri:

```
export PATH="/opt/jdk-21.0.2/bin:$PATH"
```

kisha `source ~/.bashrc`. Ukisahau `$PATH`, hata `ls` itapotea; andika `export PATH=/usr/bin:/bin` upate pumzi, halafu urekebishe faili. `type -a javac` itakuonyesha zote zilizopo kwa mpangilio wake. Na programu uliyoitafsiri mwenyewe iendeshe kwa `./habari`, kwa maana Linux haitazami folda uliyomo mpaka uitaje.

Jaribio la mwisho

Fungua dirisha jipya na uende kwenye folda yoyote isiyo ya JDK, ile unayoweka kazi zako. Andika `javac Habari.java`. Ikirudi kimya bila neno, usishtuke: kompaila ya Java ikiridhika hainyanyui mdomo. Binti yule alingoja, akanitazama, akadhani imekwama.

"Andika ile ya pili," nikamwambia.

```
C:\Kazi>java Habari
Hujambo Likoni
```