Jinsi ya Kukokotoa Kipimo cha h na Kukisoma Inavyostahili

Kipimo cha h ni namba kubwa kabisa ya makala za mtafiti ambazo kila moja imenukuliwa, yaani imetajwa na machapisho mengine, angalau mara hiyo hiyo: h ya 5 ni makala tano zenye nukuu tano au zaidi kila moja. Usianze na hesabu, anza na kusafisha orodha ya machapisho. Fungua wasifu wa mtafiti kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, futa makala za watu wengine wenye jina kama lake, kisha unganisha makala iliyojitokeza mara mbili kwa sababu kichwa chake kimeandikwa tofauti. Nukuu 4 huku na 3 kule huweza kuiacha nje makala ambayo kwa nukuu 7 ingeingia. Kama mtafiti ana namba ya ORCID, kitambulisho chake cha kimataifa chenye tarakimu 16, hakiki orodha kwayo, ila kumbuka si wote wanaoihuisha.

Sasa panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ziko nane: 48, 31, 17, 9, 6, 5, 2, 0. Shuka ukilinganisha nafasi na idadi ya nukuu. Ya tano ina 6, inapita. Ya sita ina 5, inakwama. Basi h ni 5. Ndivyo alivyopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005.

Makala ya kwanza ikiongezewa nukuu 1,000, h haitikisiki. Ya sita ikipata moja tu, h inakuwa 6. Mjanja huliona hilo mapema: hunukuu mwenyewe makala zake zilizo ukingoni, basi. Kwa hiyo kokotoa mara mbili, pamoja na nukuu za kujinukuu na bila hizo. Scopus, hifadhidata ya machapisho na nukuu, ina chaguo la kuziondoa.

Andika jina la hifadhidata na tarehe. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, hivyo namba zake kwa kawaida huzidi za Scopus au Web of Science, hifadhidata nyingine ya aina hiyo. Kuchukua h ya mwombaji mmoja huku na ya mwenzake kule ni dhuluma.

Tatizo kubwa zaidi ni fani na umri wa kazi. Wanahisabati hunukuliana kidogo kuliko watafiti wa tiba, na h hupendelea waliotangulia kwa kuwa haishuki hata mtu akiacha kuandika. Ukilazimika kulinganisha fani, tumia kipimo cha nukuu cha Scopus kiitwacho FWCI, kinachozingatia fani, mwaka na aina ya chapisho, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia. Ila kwa mwenye makala tatu nne, moja iliyovuma huuvuruga wastani wake wote.

Kigezo cha athari cha jarida (impact factor), yaani wastani wa nukuu za makala zake, kiache kando. Kinapima jarida, na Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilikataa kitumike kumpima mtafiti.