Somo: Kugeuka, Kuvuka Kizingiti na Kuinuka Baada ya Kuanguka kwa Mwenye Maradhi ya Parkinson

Huu ni mwaka wangu wa sita na maradhi ya Parkinson, na nimeanguka mara nyingi zaidi ndani ya nyumba yangu ya mawe hapa Mkomani, Lamu, kuliko nje. Sikuanguka nikienda mbele. Nilianguka nikigeuka, nikipita mlangoni, au nilipoitwa nikazungusha kichwa kabla ya miguu kuwa tayari.

Maradhi haya, ambayo tabibu wa Uingereza James Parkinson aliyaeleza mwaka 1817, hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Ikipungua, yale ambayo mwili ulikuwa ukiyafanya wenyewe, kama kurefusha hatua na kujizuia unapoyumba, hudhoofika, na mgonjwa hulazimika kuyafanya kwa kukusudia.

Hatua ya kwanza ni kugeuka. Usizunguke kwa kisigino papo ulipo. Tembea nusu duara, kama jahazi ligeukavyo kwa kuchukua nafasi. Jikoni pasipo na nafasi, nyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kwa hatua fupi, nawe usiwe umebeba sufuria wala kikombe.

Hatua ya pili ni miguu inapoganda, na kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote. Nifikapo kwenye kizingiti, nyayo hushika sakafu kana kwamba zimegandishwa kwa gundi, huku kiwiliwili kikiendelea kwenda mbele. Usishindane nayo. Simama kabisa, vuta pumzi, elemea mguu huu kisha ule, hesabu moja mpaka tatu, halafu inua goti kama unayeruka kamba. Nimebandika utepe mweupe sakafuni mbele ya kila mlango, na ajabu yake ni kwamba mguu uliokataa kutembea hukubali kuuvuka ule mstari. (Mke wangu aliucheka utepe huo kwa wiki nzima; sasa yeye ndiye aubadilishaye ukibanduka.) Watu wa nyumbani wasikuvute mkono wala wasikuharakishe, kwa sababu kuvutwa hukitanguliza kifua na miguu ikabaki nyuma.

Hatua ya tatu ni kuamka. Maradhi yenyewe, na baadhi ya dawa zake, huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, kwa hiyo kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, ukichezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame. Kizunguzungu kikizidi, omba upimwe shinikizo ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama. Mikeka njiani iondolewe, ndara zibadilishwe kwa viatu vyenye kushika kisigino, na kikoi kisiburure.

Ukianguka, usiinuke mara moja. Jikague kwanza. Kama hakuna maumivu makali, lalia ubavu, jisukume kwa mikono mpaka upige magoti, tambaa hadi kwenye kiti kizito, weka mikono juu yake, tanguliza mguu wenye nguvu, jiinue na ukae. Msaidizi akuletee kiti, asikunyanyue kwa makwapa. Aliyegonga kichwa, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama ni usiku. Na asiyeweza kukanyagia mguu asisimamishwe, naye apelekwe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo, ami. Baba hataki kuacha kwenda msikitini, na vichochoro vya Langoni vimejaa punda. Je, tumzuie?

Marahaba, mwanangu. Msimzuie, kwani miguu isiyotembea hudhoofika zaidi. Atoke saa ambayo dawa imekwisha kushika, na asikiapo "Simile!" asigeuke kutazama, bali asimame mapema kando ya baraza, mkono mmoja ukutani, mpaka punda apite. Atawadhe akiwa ameketi, na akiona taabu kusimama aswali juu ya kiti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimruhusu Imran bin Huswain kuswali ameketi aliposhindwa kusimama.

Mama anatumia levodopa, ile dawa ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, lakini siku nyingine ni kama hakumeza kitu. Tumzidishie?

La, msizidishe wala msikatishe bila ya daktari. Tazameni kwanza anaimeza wakati gani, kwa sababu protini ya samaki, nyama au kunde hushindana na dawa hiyo kuingia mwilini. Wengi huelekezwa waimeze nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baadaye.

Mume wangu huanguka na kuficha. Nifanyeje?

Dada, nami nilificha, kwa sababu kila nilipokiri niliulizwa kwa nini sikuangalia. Muulize alikuwa akifanya nini, alikuwa akielekea wapi, na dawa ya mwisho aliimeza saa ngapi. Andika majibu kwenye daftari, kisha mlichukue mwendapo kwa daktari. Daftari langu ndilo lililoonyesha kwamba karibu kila mara nilianguka saa moja kabla ya dawa ya alasiri, na daktari akaisogeza.