Kiangazi cha jangwani kwa mstaafu wa Arizona: anza na kiyoyozi

Kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai 2023, Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja joto lilifika angalau nyuzi 110 za Farenihaiti, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi. Kaunti ya Maricopa, yenye mji huo pamoja na makazi ya wastaafu ya Sun City na Sun City West, ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto mwaka ule. Asiyepajua huko hudhani wote walidondoka barabarani. Wako waliofia ndani ya nyumba zao, na katika nyumba nyingi za namna hiyo kiyoyozi kilikuwepo ila hakifanyi kazi. Kwa hiyo tunaanza na mashine. Kofia na chupa ya maji vitafuata.

Maelezo haya ni ya mzee anayekaa huko mwaka mzima, na ya kijana aliyemleta mama au baba kutoka Bukavu, Mombasa au Tanga. Aliyekulia pwani asijidanganye kwamba joto analijua. Joto la pwani hukulowesha, ukaona mwenyewe kwamba unatoka jasho. La Arizona mwezi Juni ni kavu: jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu hupoteza maji huku shati lake likiwa kavu kabisa.

Kiyoyozi

Mwite fundi Aprili, Mei ikizidi sana. Ukingoja Juni, utapanga foleni na watu ambao mashine zao zimeshakufa. Kazi nyingine ni zako mwenyewe.

Filta ibadilishwe kila mwezi kuanzia Mei hadi Septemba, kwa sababu vumbi la huko haliishi. Mshale uliochorwa pembeni uelekee upande wa mashine. Usinunue filta nene kupita kiasi ukidhani unajilinda: daraja la 8 hadi 11 la MERV, kipimo cha uwezo wa filta kuchuja vumbi, linatosha nyumba ya kawaida. Filta iliyobana sana huinyima mashine pumzi, koili ya ndani inaganda barafu, na hewa baridi inakoma wakati mashine bado inanguruma.

Sehemu ya nje iachiwe nafasi ya sentimeta 60 hivi pande zote, bila vichaka wala mapipa. Kuisafisha, zima umeme wake kwenye kisanduku kilicho ukutani karibu nayo, kisha ipitishie maji ya mpira kwa mkondo laini. Mashine ya kuoshea magari hapana, inakunja vile vibati vyembamba na hewa haipiti tena. Fanya hivyo alfajiri, na acha kwanza maji yaliyolala ndani ya mpira yatoke. Mpira ulioshinda juani hutoa maji yanayoweza kuunguza ngozi.

Kisha kuna bomba dogo jeupe la kutolea maji ya mashine, ambalo watu hulisahau. Limiminie kikombe kimoja cha siki nyeupe kila mwezi. Likiziba kwa utelezi, sinia ya chini hujaa, na boya la usalama huzima mashine yote. Mwenye nyumba hudhani kompresa imekufa, akaanza kutafuta maelfu ya dola, kumbe ni utelezi tu.

Kupima kama mashine iko sawa ni rahisi. Iache ifanye kazi dakika 15, weka kipimajoto mahali inaponyonya hewa, halafu kwenye tundu inapoitoa. Tofauti nzuri ni nyuzi 15 hadi 20 za Farenihaiti. Ikiwa chini ya hapo, tazama filta kwanza, kisha mwite fundi aangalie gesi na koili. Ukisikia sehemu ya nje inavuma lakini pangaboi lake halizunguki, zima kabisa. Mara nyingi ni kapasita, kifaa cha bei ndogo kinachokufa kwa joto, lakini usikifungue mwenyewe; hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Weka thamostati kati ya nyuzi 78 na 80 za Farenihaiti, na usiizime unapotoka kwa saa chache. Kuta zikishashika joto, mashine itahangaika hadi usiku kuzipoza. Tatizo kubwa zaidi ni la umri: mzee hasikii joto kama kijana. Atakaa kwenye chumba cha nyuzi 88 akasema anasikia baridi, na ataizima ukigeuza mgongo. Msibishane. Weka kipimajoto chenye tarakimu kubwa chumbani kwake na mkubaliane namba mapema: ikifika 82 fundi anapigiwa simu, ikifika 90 mzee anahamishwa, awe amekubali au la. Namba humaliza ubishi ambao maneno hayaumalizi.

Nyumba za zamani bado zina mashine za kupoza kwa maji badala ya viyoyozi. Juni zinafaa sana na hazili umeme mwingi. Julai unyevunyevu wa masika ukiingia, hubaki kupuliza hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya majani mabichi. Asitegemee hiyo peke yake mtu mwenye miaka 70.

Bili, na umeme ukikatika

Mipango mingi ya malipo hutoza zaidi jioni za siku za kazi. Kwa mteja wa APS, kampuni kubwa ya umeme ya huko, ni saa kumi alasiri hadi saa moja usiku. SRP, kampuni nyingine ya umeme, ina saa zake, kwa hiyo soma bili yako. Poza nyumba mapema: teremsha hadi 75 kuanzia saa saba mchana, kisha ikifika saa kumi pandisha hadi 80. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo zingoje usiku. Kwenye madirisha ya magharibi weka wavu wa kuzuia jua upande wa nje. Pazia la ndani huzuia mwanga, lakini joto limeshaingia.

Septemba 2018 mwanamke wa miaka 72 wa Sun City West alikufa nyumbani kwake baada ya kukatiwa umeme kwa deni dogo. Mwaka uliofuata tume ya jimbo inayosimamia makampuni ya umeme ilizuia ukataji wakati wa kiangazi. Kwa APS kipindi hicho ni 1 Juni hadi 15 Oktoba. Ukihudumiwa na kampuni nyingine, uliza tarehe zake. Deni lenyewe halifutwi, linaendelea kupanda hadi Oktoba, kwa hiyo omba msaada mapema. Piga 211 uulizie LIHEAP, mpango wa serikali wa kusaidia bili za nishati, na vituo vya kujipoza vilivyo karibu nawe.

Mwenye mashine ya oksijeni ajiandikishe kwa kampuni ya umeme kama mteja mwenye kifaa cha tiba, na awe na mtungi wa akiba. Kujiandikisha hakuzuii nguzo kuanguka kwenye dhoruba.

Umeme ukikatika mchana, funga mapazia na usifungue friji. Lowesha fulana, ikamue, ivae. Katika hewa kavu, nguo mbichi ni dawa kweli, hasa mbele ya feni ya betri. Feni bila maji ni hatari: hewa ya chumba ikizidi nyuzi 95 (35 za Selsiasi), inakupulizia joto kuliko ngozi yako. Baada ya saa moja, kama hakuna dalili ya umeme kurudi, ondokeni kwenda maktaba, dukani au kwa jamaa. Mnaweza kukaa kwenye gari lenye kiyoyozi, ila kamwe si ndani ya gereji. Mlango mkubwa wa gereji una kamba nyekundu ya kuufungulia kwa mkono. Jifunze kuivuta leo, maana gizani kwenye joto si wakati wa kujifunza.

Siku huanza saa kumi na moja

Arizona haibadilishi saa, isipokuwa eneo la Wanavajo, kwa hiyo mwisho wa Juni jua la Phoenix huchomoza saa kumi na moja na robo hivi. Huo ndio wakati wa kutembea, kumwagilia, kucheza gofu na kwenda sokoni. Saa moja na nusu asubuhi uwe umerudi. Wengi hudhani jioni ni sawa na alfajiri. Lami na zege hurudisha usiku joto zililolimeza mchana, na saa nne usiku bado hewa inaweza kuwa juu ya 38 za Selsiasi. Ukikosa alfajiri, tembea ndani ya jumba la maduka. Mchana ni wa kulala, karata, simu za nyumbani na kazi za mikono. Nyama na maziwa beba kwenye kisanduku chenye barafu hata kama duka liko dakika kumi.

Lami juani hufika nyuzi 70 za Selsiasi. Mzee akianguka hapo asiweze kuinuka, anaungua vibaya kwa muda mfupi sana, na hospitali za Phoenix hupokea majeruhi wa namna hiyo kila kiangazi. Basi usitoke peku hata kupeleka pipa la taka, na beba simu hata unapofuata barua mlangoni. Ukimkuta mtu ameanguka, usianze kumhoji: mwondoe kwenye lami, au msukumie chini yake mkeka, koti, chochote. Mbwa naye, weka kiganja chako lamini, ukishindwa kuhesabu hadi saba, yeye pia hatembei.

Maji, dawa na dalili

Kiu ya mzee huchelewa, kwa hiyo anywe kwa saa wala si kwa kiu. Kikombe kila dakika 20 unapofanya kazi nje kinafaa. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu na mtu akachanganyikiwa vilevile. Chai na uji vinahesabika. Aliyetoka jasho sana achanganye lita moja ya maji na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo. Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji amuulize daktari kipimo cha kiangazi kabla Mei haijaisha.

Muulize pia kuhusu dawa. Furosemide na hydrochlorothiazide hutoa maji mwilini; lisinopril huweza kushusha presha kupita kiasi maji yakipungua; metoprolol na atenolol huzuia moyo kuongeza kasi inapohitajika; oxybutynin na diphenhydramine, inayopatikana kwenye vidonge vingi vya usingizi vya dukani, hupunguza jasho. Usiache dawa mwenyewe. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na inayotumika isizidi 30 za Selsiasi. Dawa za posta usiache zishinde kwenye sanduku la chuma juani. Omba zikabidhiwe mkononi au zichukuliwe duka la dawa.

Kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu: ingia ndani, lala, lowesha mwili, kunywa taratibu. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Piga 911, sema anwani kwanza, kisha kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani wa Kiswahili. Anwani hiyo iwe imebandikwa karibu na simu kwa herufi kubwa. Usikae kungoja gari: mmwagie maji baridi, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, na mpepee. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu timamu. Tangu 2024 zimamoto wa Phoenix humzamisha mgonjwa wa namna hiyo kwenye mfuko wa barafu wakiwa njiani, jambo linaloonyesha jinsi kumpoza haraka kunavyotangulia mengine yote.

Vumbi na nge

Masika ya huko huhesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba. Ukuta wa vumbi ukikukuta barabarani, toka nje kabisa ya njia, zima taa zote, vuta breki ya mkono na toa mguu kwenye breki. Taa zikiwaka, wa nyuma hudhani unatembea, akakufuata. Kikohozi na uchovu vikidumu wiki kadhaa baada ya vumbi, mtajie daktari Valley fever, kuvu ya udongo wa huko inayoshika mapafu na kudhaniwa nimonia.

Nge hung'aa chini ya tochi ya mwanga wa zambarau. Kagua kuta usiku, kung'uta viatu, sogeza kitanda mbali na ukuta. Akikuuma, piga 1-800-222-1222, namba ya kituo cha ushauri wa sumu.

Ukiondoka hadi Oktoba

Wengi hukimbilia kwenye baridi. Funga koki kuu ya maji na uzime hita ya maji, kwani mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka Julai hakuna wa kuuona. Kiyoyozi usikizime, kiache kwenye 85 ili fanicha na friji zisiharibike. Maji ya kwenye kona ya bomba chini ya kila sinki na bafu hukauka, harufu ya maji machafu na mende wakapanda. Mimina kikombe cha maji, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yazuie kukauka. Choo kifunike kwa plastiki. Chomoa waya hasi wa betri ya gari, ingawa betri ya Phoenix hata ikitunzwa mara nyingi haivuki miaka mitatu. Funguo mwachie jirani aje mara moja kwa wiki kusoma thamostati, na umwachie pia namba ya fundi wako.