Katuni za Safari kwa Mtoto wa Chekechea: Namna ya Kuzitumia Zimfundishe

Mtoto wa miaka minne akiwekewa katuni hutulia tuli, na wazazi wengi huuchukua utulivu huo kuwa dalili kwamba anajifunza. Huenda hajifunzi chochote. Katuni za safari, zile ambazo mhusika hutoka nyumbani, hupita mahali kadhaa, huzuiwa njiani na mwishowe hufika, huachiwa mapengo makusudi. Katika Dora the Explorer, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000, Dora huuliza swali, hukodolea macho skrini, hupepesa kope, kisha hungoja. Blue's Clues ya mwaka 1996 ilikuwa imekwisha kutumia mtindo huohuo. Katika zile sekunde za kungoja ndipo mtoto hufikiri na kujibu, na mtoto aliyeachwa peke yake na simu huziacha zipite.

Maelezo haya ni ya mzazi, nyanya, msichana wa kazi au mwalimu anayekaa na watoto wa miaka 3 hadi 5, yaani kutoka plegrupu hadi PP2, darasa la mwisho la chekechea nchini Kenya. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekewe kabisa. Kwa wa miaka miwili hadi minne, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Mpango ulioelezwa hapa unahitaji dakika 25 za skrini, mara nyingi hata chini ya hizo.

Kuchagua kipindi

Kitazame mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, mtoto akiwa amelala. Angalia kama vituo vya safari vinatajwa mapema na kurudiwarudiwa. Vitatu vinamtosha mtoto wa miaka minne. Mhusika akiuliza, hesabu polepole kwa vidole: asiponyamaza hadi kidole cha tatu, mtoto mdogo hatawahi kujibu. Kisha jaribu kusema sentensi moja kamili kuhusu picha unayoiona. Ikiwa picha imebadilika kabla hujamaliza, na ikawa hivyo kila mara, kipindi hicho kina mbio mno.

Jambo zito zaidi ni mahali somo lilipowekwa. Mtafiti Shalom Fisch ameeleza kwamba mtoto hushika vizuri somo lililofungamana na kisa, kwa sababu akili yake haina nafasi ya kufuata hadithi upande mmoja na somo upande mwingine. Ikibidi mawe matano yahesabiwe ndipo mto uvukwe, hesabu itabaki. Lakini hesabu ikija kama wimbo uliochomekwa katikati, mtoto atakusimulia habari za mto na mamba, na tano ataisahau.

Kuhusu lugha, anza na ile anayoamkia nayo nyumbani. Dora huwafundisha watoto wa Marekani maneno ya Kihispania. Mtoto wa mtaa wa Majengo, Mombasa, anayeitazama kwa Kiingereza anabebeshwa lugha mbili juu ya kisa. Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo wa Dar es Salaam, ipo kwa Kiswahili, na msichana wake wa miaka minne anakaa chini ya mlima Kilimanjaro. Kila akilala huingia nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama. Neno likitofautiana na la nyumbani kwenu, mpe mtoto yote mawili. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi, ina vipindi vifupi vya kama dakika 11. Humo wahusika hawamngojei mtazamaji, kwa hiyo pengo utaliweka wewe kwa kusimamisha picha.

Kutayarisha

Pakua kipindi mapema mahali penye waifai, kwa ubora wa 360p. Kwa skrini ya simu unatosha, na bando halitamalizika. Chaji simu stima ikiwepo. Zima kitufe cha kucheza mfululizo, kisha weka simu katika hali ya ndege. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia matangazo na simu za watu katikati ya swali.

Simu isitazamwe na zaidi ya watoto wawili. Iegemeze kwenye sufuria iliyofunikwa, urefu wa mkono mmoja kutoka usoni pao, wala wasiishike. Joto la Mombasa litakushawishi uwakalishe chini ya pangaboi, lakini mvumo wake humeza sauti nyembamba za wahusika, na mtoto asiyesikia vizuri huishia kutazama rangi. Waweke kando kidogo, karibu na dirisha.

Wakati mzuri ni baada ya usingizi wa mchana. Kama alasiri ni ya chuo, yaani madrasa, tumia asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, usisogeze hadi usiku.

Kutazama

Kabla ya kubonyeza, taja vituo: "Leo tunapita mtoni, msituni, halafu kwa nyanya." Mtoto avitaje akikunja kidole kimoja kimoja. Keti ubavuni mwake. Ukikaa nyuma huoni macho yake yanaelekea wapi.

Mhusika anapouliza, nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano. Watu wazima hushindwa hapa kuliko mahali pengine popote, maana kimya cha mtoto hutuudhi na tunajibu kwa niaba yake. Akikosa jibu, mpunguzie swali:

"Wamefika wapi?"

Kimya.

"Msituni au mtoni?"

"Mtoni, mama."

"Mtoni, naam. Mto wenye nini?"

"Mamba!"

"Mamba mkubwa."

Tazama hiyo hatua ya mwisho: alilosema mtoto limerudiwa na kuongezwa neno moja tu. Ukimpa sentensi nzima hatalichukua lolote.

Usisimamishe picha zaidi ya mara tatu katika dakika kumi, na isimamishwe panapotokea kizuizi, kabla suluhisho halijaonekana. Ukizidisha, kisa kinakatika, naye mtoto anaanza kuyachukia maswali yako.

Rudia kipindi kilekile siku tano. Blue's Clues ilirushwa hivyo hivyo, kipindi kimoja siku tano mfululizo, na watafiti waliona watoto wakijibu zaidi kadiri walivyokirudia. Siku ya kwanza mtoto hutazama tu. Siku ya tatu humtangulia mhusika. Siku ya nne zima sauti, yeye awe msimulizi. Hapo utajua ameshika nini, na mara nyingi utashangaa kwamba ameshika mambo ambayo hukumuuliza.

Kuishusha safari chini

Saa hiyohiyo kipindi kinapomalizika, chora ramani kwenye ubavu wa katoni. Picha tatu zinatosha, ziunganishwe kwa mstari mmoja: nyumba, duka, mti. Kwa anayekaa Mji wa Kale, nyumba, duka la mahamri na mlango wa nakshi wa jirani. Njia isizidi hatua 200 za mtu mzima, na barabara kubwa isiwemo. Mtoto ndiye abebe katoni, na kabla ya kuondoka kila kituo ataje kinachofuata. Akikosea, simama naye mtazame ramani pamoja, usimvute mkono.

Kila kituo kiwe na kazi moja. Mlango wa nakshi una njumu za shaba: ahesabu tano, kidole kikigusa kila moja. Hapa utaona kosa la kawaida kabisa: mdomo umefika "tano" na kidole kingali kwenye njumu ya tatu. Mtoto huyo ameimba namba, hajahesabu. Usimkaripie. Mkirudi nyumbani, mpe ndimu tano na kikapu. Atie moja, ndipo aseme "moja". Kishindo cha ndimu ikigonga kikapu humfunga mdomo hadi mkono ufike. Kokwa za ukwaju zisitumiwe kwa mtoto wa miaka mitatu, huzitia mdomoni au puani.

Yanayoharibika

Kilio skrini inapozimwa kwa kawaida husababishwa na kipindi cha pili kilichojianzisha chenyewe, au na mtoto ambaye hakuambiwa mwisho uko wapi. Mwambie tangu mwanzo, "Kipindi kimoja, kisha ramani," na yeye mwenyewe azime.

Akiogopa adui wa kwenye hadithi, ruka sehemu hiyo bila mjadala. Wa miaka mitatu bado hatenganishi sawasawa picha na kweli. Kwa sababu hiyohiyo, mhusika akiruka mto au akijitosa majini, sema palepale: "Yeye ni katuni. Sisi tunashikana mikono." Kwa mtoto aliyezoea ufuo na kivuko cha Likoni, sentensi hiyo isikosekane hata siku moja.

Darasani, watoto ishirini mbele ya tableti moja hawapati chochote. Wagawe watano watano. Kundi moja litazame, mengine yachore ramani zao kwenye mkeka.

Wiki ya pili badilisha kituo kimoja tu kwenye katoni, kwa mfano mti uwe kisima, wala usimwambie. Mwache atangulie. Akifika chini ya mti akasita, akaangalia katoni na kusema, "Siyo hapa," anaisoma ramani kweli. Akipita moja kwa moja bila kuiangalia, ameikariri njia. Baki na ramani ya kwanza siku tano nyingine.