Kabla hujapanda gari la wagonjwa: mambo ya kuzingatia kwa anayetaka kazi ya huduma za dharura Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi wanaoulizia kazi ya EMT, yaani mhudumu anayemfuata mgonjwa alipo na kumhudumia njiani mpaka hospitali, picha waliyo nayo imetoka kwenye video za Marekani. King'ora kinalia, watu wanapisha, dakika chache baadaye mlango wa hospitali huo hapo. Kule mtu husoma kozi ya miezi michache, akafanya mtihani wa taifa, akaingia kazini. Huku kwetu gari likitoka Makete kuja Mbeya kwa njia ya Kitulo, au likipanda mlima kutokea Makongolosi na Chunya, wewe na mgonjwa mtakaa pamoja nyuma ya Land Cruiser kwa saa nzima na zaidi, na mvua ikiwa imenyesha, usihesabu. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na urefu wa hizo barabara.

Anza na mlango wa kuingilia. Katika hospitali nyingi za mikoa yetu, anayemsindikiza mgonjwa wa rufaa ni muuguzi au tabibu, akiwa na dereva. Kwa hiyo njia yenye uhakika zaidi wa ajira ni kusoma kwanza stashahada ya uuguzi na ukunga au ya utabibu, miaka mitatu, kisha kuongeza mafunzo ya dharura juu yake. Kidato cha nne unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi. Aliyeacha Fizikia kidato cha tatu kwa sababu mwalimu alikuwa mkali, hapa ndipo anapolipia, na dawa yake ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kuhangaika na fomu za chuo.

Vyuo huhitaji kuvifuata Dar es Salaam. Uuguzi unasomwa Tosamaganga pale Iringa, Ilembula upande wa Njombe, na Peramiho kwa walio Ruvuma. Utabibu unasomwa Mafinga. Vipo na vingine, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Kipimo ni kimoja: kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, kinachotolewa kila mwaka. Chuo kisichokuwemo, au kilichomo lakini kozi unayotangaziwa haimo, achana nacho hata kama ada ni nafuu na mkuu wa chuo ni mtu wa kanisani kwenu. Kuna kozi fupi za wiki mbili tatu zinazotoa cheti chenye muhuri mkubwa. Zinaweza kukufundisha kitu, sikatai, ila hazikupi leseni. Leseni ya muuguzi inatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, ya tabibu inatoka Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila hiyo huruhusiwi kumchoma mgonjwa hata sindano moja. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo kwenye vipaumbele. Usijinyime kuomba kwa kudhani mikopo ni ya chuo kikuu tu.

Wakati unasubiri matokeo au udahili, usikae bure. Chama cha Msalaba Mwekundu kina matawi mikoani na kinafundisha huduma ya kwanza. Huko ndiko utakakojua kama kazi hii unaiweza au unaipenda tu kwa mbali. Jifunze kukandamiza kifua mpaka mikono ikumbuke yenyewe: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Ifanye dakika mbili mfululizo bila kupunguza kasi, utaelewa kwa nini watu hupokezana. Baadaye, ukishakuwa na taaluma yako, tafuta kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, ile inayojulikana kama BEC. Ni ya siku chache, na Tanzania, Uganda na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu mwanzoni. Inakuzoesha kumwangalia kila mgonjwa kwa mpangilio uleule, kuanzia njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, mpaka kumfunua na kumkagua mwili mzima. Usiku, nyuma ya gari linalorukaruka, mpangilio huo ndio utakaokuzuia kuhangaika na mfupa uliovunjika huku mtu anakabwa na matapishi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu wagonjwa wenyewe. Wengi wanadhani watakuwa majeruhi wa ajali. Sehemu kubwa ya safari za rufaa ni akina mama wajawazito, waliojifungua, na watoto wachanga. Ndiyo maana ipo m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa mama na mtoto, unaopigiwa bure namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumika dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa safari. Kijana asiyependa wodi ya wazazi ajifikirie upya kabla hajaomba kazi hii. Kwenye mazoezi ya chuo, pale wenzako wanapokimbilia chumba cha upasuaji, wewe ng'ang'ania leba. Uwe umeshika kizazi kilicholegea kwa mkono wako na kukikanda mpaka kikaze, maana damu ya baada ya kujifungua haisubiri mfike Mbeya. Ujue kumlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa akilala chali mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na presha inaporomoka mkiwa njiani. Ujue kumlinda anayepata degedege la kifafa cha mimba, na ujue dozi ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hilo, aliyopewa kituoni ilikuwa saa ngapi, na inayofuata ni lini.

Baridi nayo ni somo ambalo vitabu vingi vinalipitia juu juu, lakini kwa Makete, Njombe na Mufindi mwezi wa Sita na wa Saba ni suala la uhai. Mwili uliopoa hauwezi kugandisha damu vizuri, kwa hiyo majeruhi anayevuja damu akiachwa na shati lililolowa ataendelea kuvuja hata ukifunga bandeji safi. Mvue nguo mbichi, mfunike, funga madirisha, na dripu iliyolala ndani ya gari usiku kucha usimwekee ikiwa ya baridi vile. Ipashe moto kwanza hata kwa kuiweka ndani ya koti lako. Mtoto mchanga mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yao wote wawili. Halafu kuna kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kidole kikiwa cha baridi kinakupa namba ya uongo au hakisomi kabisa, na hina au rangi ya kucha nayo inaweza kukivuruga. Sugua kidole kipate joto, badilisha kidole, angalia midomo na namna anavyopumua, ndipo uamini mashine. Na mkiwa mnavuka Kitulo, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Mgonjwa aliyeondoka kituoni akiwa na oksijeni ya kujitosheleza kwa shida anaweza kupungukiwa nayo mkiwa kule juu.

Hapo ndipo hesabu ya oksijeni inapoingia, na nakusihi uijue kabla ya siku ya kwanza kazini. Mtungi wenye lita 680, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, unakwisha baada ya dakika 68. Kutoka Makete mpaka Mbeya hautoshi, hata dereva akiwa hodari namna gani. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla injini haijawashwa ni je, tunayo ya kutosha kwa safari nzima, na akiba ya kukwama njiani? Kusema "mtungi upo" si jibu. Kagua geji kwa macho yako, jaribu mashine ya kufyonza kama inavuta, hakikisha mfuko wa kupumulishia una barakoa ya mtu mzima na ya mtoto, funga mtungi kwa mkanda usije ukaruka kwenye kona. Kisha piga simu unakokwenda, useme unamleta nani na yuko katika hali gani, ili mkifika msianze kutafuta mwenye ufunguo wa chumba cha upasuaji. Andika kila kipimo na saa yake kwenye fomu ya rufaa. Kichwa kilichochoka hakiaminiki.

Ajali zipo pia, na kwa barabara ya TANZAM kuanzia Kitonga mpaka Tunduma, malori yanayoshuka milima yakiwa yamefeli breki ni habari ya kawaida mno. Kabla ya kuonyesha ushujaa, simama, tazama. Kuna mafuta yanamwagika? Nyaya? Magari mengine bado yanakuja kwa kasi kwenye ukungu? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, kwenye barabara kuu hiyohiyo ya kutoka Dar es Salaam kuja kwetu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, na waliofariki walizidi 100. Mhudumu aliyekimbilia katikati ya petroli anaongeza idadi ya majeruhi. Zimamoto ni 114, polisi ni 112, ziwe kichwani kwako. Majeruhi wakiwa wengi, anayepiga kelele sana mara nyingi si wa kwanza kuhudumiwa. Aliyenyamaza ndiye wa kumwendea. Na ile fomu ya polisi, PF3, itafuata. Damu izuiwe kwanza.

Mwili wako nao uandae mapema. Chanjo ya homa ya ini aina B huchomwa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, maana yake anayesubiri aajiriwe ndipo achanje ameshachelewa. Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa siku hiyohiyo, na uanze dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo vizuri zaidi. Ni za siku 28. Wapo wanaoficha kwa aibu, jambo nisilolielewa hata kidogo. Fanya mazoezi ya mgongo na miguu. Vijiji vya milima ya Livingstone vipo ambavyo gari halifiki, mgonjwa anabebwa kwa machela mpaka barabarani, na wewe utakuwa mmoja wa wabebaji.

Leseni ya udereva haitakuumiza, hata kama hutakuwa dereva. VETA wanafundisha Mbeya na Iringa.

Jifunze kusalimia. Mzee wa Kihehe au Kibena ukimwamkia "Kamwene" kabla hujamshika mkono wa presha, anakuelekeza panapouma bila kukuficha. Bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga usimgeukie mjukuu wake na kuzungumza naye kana kwamba bibi hayupo. Mkalimani awe mkalimani, lakini macho yako yawe kwa bibi.

Simu ikae mfukoni. Picha za maiti za ajalini huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ndugu hawajapewa taarifa, na inauma zaidi ikijulikana aliyepiga alikuwa amevaa glavu za hospitali. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mabaraza ya taaluma nayo yana meno. Hata bila sheria, Mbeya si kubwa kiasi hicho. Mtu uliyemsimulia kijiweni ni shemeji wa mtu.

Kuhusu ajira, jiandae kusubiri. Nafasi za serikali hutangazwa na TAMISEMI na Sekretarieti ya Ajira, kwa awamu, na wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Wengi huanza kwa kujitolea. Mimi siukatai huo utaratibu, ila usijitolee bila barua inayosema unaanza lini, unafanya nini, nani anakusimamia, na ukiumia kazini nani anagharamia matibabu. Hospitali inayokataa kukuandikia barua hiyo inataka mikono yako tu. Omba upangiwe idara ya dharura, si ofisi ya kadi.

Mwisho ni karatasi, na hizi ndizo zinazowaangusha watu wenye alama nzuri. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA, namba ya NIDA na kadi ya chanjo, vyote viwe na nakala zilizothibitishwa kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Tandaza vyeti hivyo mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Kama RITA wameandika Mwakalinga na NECTA wakaandika Mwakalingwa, nenda kwa wakili wiki hii ukaulizie kiapo, maana foleni ya mwezi wa udahili si ya kuichezea.