Masika Yameisha: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuosha Gari la Familia Ndani na Nje

Tope la nje halina siri: linaonekana, na maji yanalitoa. Kinacholimaliza gari lililopita masika katika barabara za Kakamega, Kisii au uwanda wa Kano ni unyevu uliojificha chini ya zulia, ndani ya milango na kwenye shimo la gurudumu la akiba. Ukilipeleka moja kwa moja kwa vijana wa kuosha magari, utarudishiwa likimetameta huku vioo vimefungwa, na baada ya siku mbili harufu ya ukungu itakupokea mlangoni. Kazi yenyewe basi huanza kabla ya ndoo ya kwanza kujazwa.

Kwanza, siku. Katika ukanda wa magharibi mwa Kenya hungojei mvua iishe kabisa. Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, na Nakuru hupata mvua nyingine nzito mwezi wa Agosti. Kinachotafutwa ni asubuhi mbili kavu zinazofuatana, kwa sababu mvua za huku hupenda kuja alasiri. Asubuhi ya kwanza iwe ya ndani na ya pili iwe ya nje. Wengi hufanya yote kwa siku moja, na hapo ndipo viti hufungiwa vikiwa vibichi kwa kuwa wingu limeshaonekana upande wa ziwa. Anza saa moja asubuhi ili viti na mazulia yapate jua la saa tano au sita. Wasabato wa Kisii na Nyamira hawahitaji kuambiwa kwamba Jumamosi haimo kwenye hesabu.

Kabla ya kununua sabuni yoyote, tafuta maji yalikoingilia. Toa mikeka, kunja karatasi ya shashi mara nne, kisha uikandamize kwa kiganja kwenye zulia la kila upande kwa sekunde kumi. Zulia la gari lina tabaka la sponji au pamba nzito chini yake. Juu laweza kuwa kavu kabisa na chini kumejaa maji. Karatasi ikilowa upande wa abiria wa mbele, yaani kushoto kwa magari yetu, mshukiwa wa kwanza ni mfereji ulio chini ya waipa. Majani ya mkaratusi na mjakaranda huziba matundu yake, maji hujaa na kumwagikia kwenye feni ya hewa, kisha hushuka miguuni. Fungua boneti, zoa majani kwa mkono, mimina kikombe cha maji na utazame kama yanatokea chini ya gari, nyuma ya gurudumu la mbele. Mshukiwa wa pili ni mpira mdogo wa kutolea maji ya AC. Ukiziba, unyevu hurudi ndani hata siku za jua. Maji hayo yakiwa na utelezi na harufu tamu, hayo si ya mvua bali ni ya rejeta yanayovuja kutoka kwenye hita. Mwite fundi kwanza, kuosha kutangoja.

Nyuma, inua kifuniko cha buti na utoe gurudumu la akiba. Maji yakiwa yamesimama hapo, chunguza mpira unaozunguka mlango wa buti na gasketi za taa za nyuma. Shimo hilo huwa na kizibo cha mpira chini yake: kitoe, acha maji yaishe, kausha, kisha ukirudishe. Halafu pita kwenye milango yote. Ukingoni mwa chini wa kila mlango mna vitundu viwili au vitatu vya kutolea maji ya mvua, na udongo mweusi unaonata wa Ahero huvifunga kama saruji. Vizibue kwa kijiti cha meno au waya wa plastiki wa kufungia nyaya. Usitumie bisibisi, itakwangua rangi, na kutu itaanzia hapo. Mlango unaosikika ukichezacheza maji gari linapokata kona umeshaziba.

Yapo magari yasiyostahili kuoshwa bado. Lililosimama kwenye mafuriko hadi maji yakapita sakafu, kama yalivyowapata wengi wa Nyando mwaka 2024, lisiwashwe hata kwa majaribio. Maji yakiwa ndani ya silinda, kuwasha kunapinda koniroda, fimbo ya chuma inayoshika pistoni. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ni ishara tosha. Fundi aangalie oili ya injini na ya giabox, breki, bearingi za magurudumu na nyaya zilizo chini ya viti kabla ya mtu yeyote kufikiria zulia.

Sasa umeme, maana viti ndipo watu huumia mifuko. Ikiwa maji yamefika chini ya zulia, kiti hutolewa. Kwenye Toyota nyingi ni bolti nne za spana nambari 14. Chini yake mna plagi ya rangi ya manjano, ya mfuko wa hewa (airbag) au ya mkanda. Zima gari, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri, na usubiri angalau sekunde 90 ndipo uguse plagi hiyo. Usiwashe swichi ya gari plagi ikiwa imechomolewa, au taa ya mfuko wa hewa itabaki dashibodini mpaka ifutwe kwa mashine. Kabla ya kugusa betri, jiulize kuhusu redio. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga umeme ukikatika na kudai nambari ya siri, na wengine hulazimika kulipa ili ifunguliwe. Kama hujui yako inafanya nini, ni nafuu kuacha viti mahali pake na kuinua ukingo wa zulia ukitokea mlangoni.

Mwenye gari la haibridi (la petroli na umeme), Aqua au Fielder au Vezel, atafute tundu la hewa la betri kubwa. Kwenye Toyota nyingi za aina hii liko kando ya kiti cha nyuma na lina wavu. Vumbi na nywele zinazojaa hapo hupandisha joto la betri. Lifyonze likiwa kavu, lisirushiwe maji wala povu. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse popote.

Vifaa havihitaji kuwa vya ghali, lakini visikosekane katikati ya kazi. Andaa ndoo mbili za lita 20, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Nunua shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya nguo huondoa waksi na kuacha rangi ikiwa uchi, na ya vyombo ifaa mara moja tu unapotaka kutoa waksi kuukuu. Tafuta glavu ya manyoya badala ya sponji, kwa kuwa sponji hushika chembe za mchanga usoni pake na kuzisugua kwenye rangi, na vitambaa sita au zaidi vya maikrofaiba. Fulana kuukuu ina mishono inayokwaruza. Ongeza brashi laini, siki nyeupe, chupa ya kupulizia na mashine ya kufyonza vumbi, hata ya kuazima. Kama ni ya kuazima, uliza kama inafyonza maji. Nyingi za nyumbani hazifyonzi, na zikifyonza huungua.

Ndani, kazi huenda kutoka juu kwenda chini. Dari lifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri tu, kwani gundi yake huachia likilowa na kitambaa kikaanza kuning'inia. Mikanda ya usalama ivutwe hadi mwisho, ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ibanwe ikiwa imevutwa mpaka ikauke. Jiki hudhoofisha nyuzi zake. Vivyo hivyo kwa kiti cha mtoto, na kabla ya kukifungua piga picha ya jinsi mikanda ilivyopita.

Viti vya kitambaa vinahitaji maji machache kuliko mtu anavyodhani. Puliza povu, sugua kwa brashi eneo la kama sentimita 40 kwa 40, nyonya kwa kitambaa au mashine, ndipo uhamie lingine. Ukilowesha kiti chote kwa pamoja, uchafu huzama kwenye sponji, na kikikauka hurudi juu kama duara la kahawia. Ukungu ukionekana, brashi ya kwanza ipitishwe milango ikiwa wazi nawe umeziba pua na mdomo, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iachwe dakika 15. Mchanganyiko huohuo ndio dawa ya buti lililobeba omena kutoka Dunga au Usenge. Harufu ya samaki ni ya kemikali za jamii ya amonia, na asidi ya siki huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hufunika tu, na jua la Kisumu likipanda utapata omena yenye harufu ya waridi.

Kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwa kawaida kiko nyuma ya droo ya dashibodi, kitazamwe siku hiyohiyo. Kikiwa na unyevu au madoa meusi, hakioshwi, hubadilishwa, na mshale wa mtiririko wa hewa ufuatwe. Wapo wenye magari wasiojua kwamba kipo.

Milango ikikaa wazi saa nyingi, zima taa ya ndani, la sivyo utamalizia kazi kwa kusukuma gari. Rudia kipimo cha karatasi ya shashi kabla ya kufunga. Zulia lisibaki bichi zaidi ya siku moja au mbili, maana ukungu hauhitaji muda mrefu kuliko huo.

Kwa upande wa nje, amua mahali kwanza. Kuingiza gari ziwani au mtoni ni kosa mara mbili: mafuta na povu huenda moja kwa moja kwenye maji ambayo watu wanachota, jambo linalokatazwa na kanuni za ubora wa maji, na mchanga uliomo ndani ya maji hayo hukwaruza rangi. Tafuta kivuli. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, sabuni itakaukia hapo na kuacha madoa. Maji ya kisima yenye madini, kama yalivyo mengi ya Nakuru, huacha alama nyeupe yakikauka yenyewe, kwa hiyo kausha kipande kwa kipande.

Magurudumu hutangulia, diski zikiwa zimepoa. Usioshe upande wa nje wa rimu peke yake. Tope lililogandia upande wa ndani huvuruga uwiano wa gurudumu, usukani ukaanza kutetemeka kwenye kasi ya 80 au 100, na mwenye gari akalipia kunyoosha magurudumu ambayo hayakuwa na kasoro. Pitisha mkono mle ndani. Kisha madigadi na sakafu ya chini: loweka kwanza, subiri dakika kumi, ndipo upige presha. Wakikuuliza kama wapulize dizeli chini ili kung'ae, kataa. Dizeli na mafuta ya taa huvimbisha mipira na bushi, na vumbi la barabara ya kwanza litagandia hapo.

Bomba la presha likae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye rangi, na mbali zaidi na mapezi ya rejeta, ambayo hujikunja upesi. Vijidudu vya ziwani vilivyokaukia mbele ya gari visikwanguliwe. Vifunike kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi na vitateleza vyenyewe. Kinyesi cha yangeyange nacho ni hivyohivyo, ila hicho kisisubiri wikendi kwa sababu hula rangi. Injini haihitaji presha hata kidogo: funika altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kichujio cha hewa, tumia brashi na kitambaa kibichi.

Vumbi la Nakuru, jepesi na lenye asili ya volkano, lisifutwe kamwe likiwa kavu. Suuza gari zima, ndipo glavu ianze paani na kushuka, ikisuuzwa kila baada ya kipande. Gari likishakauka, vaa mfuko wa plastiki wa mkate mkononi na upapase boneti. Ukihisi chembechembe kama mchanga, hizo ni lami na unga wa chuma ambao sabuni haitoi. Udongo maalumu wa kusafishia rangi hutoa, ukitelezeshwa juu ya maji yenye shampuu. Udongo huo ukianguka chini, tupa kipande hicho bila huruma. Waksi hufuata, tabaka jembamba, na yafaa kurudiwa baada ya miezi miwili hivi.

Vioo viwe vya mwisho. Futa ndani kwa ulalo na nje kwa wima, ili mstari ukibaki ujue uko upande gani. Kioo cha nyuma chenye nyaya za joto kifutwe kwa kufuata nyaya, na chenye tinti kisiguswe na dawa yenye amonia. Mafuta ya kung'arisha plastiki yasifike kwenye usukani, pedali wala sehemu ya tairi inayokanyaga barabara.

Kabla ya kuegesha, endesha kilomita mbili au tatu ukikanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke. Siku hiyo usivute hendibreki usiku kucha kama umeegesha mahali tambarare. Tumia gia na jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu breki za ngoma zilizolowa hushikamana, na asubuhi gari litagoma kutoka.