Nyasi Zikipata Joto Stooni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Moshi

Mwaka mmoja mvua ya Agosti ilinikuta na nyasi zimelala shambani, huku kwetu upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, nikafunga marobota kwa haraka kabla hazijakauka vizuri. Wiki ya tatu niliingia stooni asubuhi nikasikia harufu tamu, kama molasi iliyochemka. Nilifurahi, nikadhani nyasi zimeiva. Mzee jirani aliyekuja kununua marobota kumi alinusa akiwa mlangoni, akaniita nje. "Mama, toka humo kwanza. Na usivute robota hata moja."

Wengi hatuamini kwamba nyasi zinaweza kuwaka bila kiberiti. Nyasi zilizokatwa bado zinapumua, na pumzi hiyo hutoa joto. Zikifungwa na unyevu, bakteria na kuvu huingia kazini na kuongeza joto lao. Rundo kubwa hulifumbata joto hilo kama blanketi. Likifika nyuzi 70 hivi za selsiasi, vijidudu vingi hufa, lakini wakati huo mabadiliko ya kikemikali ndani ya nyasi yameshaanza, nayo huendelea kupandisha joto yenyewe. Moto mwingi wa aina hii hutokea kati ya wiki ya 2 na ya 6 baada ya kupanga marobota, wakati mkulima ameshasahau. Mabua ya ngano yana sukari kidogo kuliko nyasi za malisho kama boma rhodes, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. Lakini ukiyafunga pamoja na magugu mabichi, au paa la mabati likivuja juu yake, usiyaamini.

Kwa hiyo kazi huanza shambani. Kabla ya kuita mashine, chukua shada la nyasi ulisokote kwa mikono miwili: zilizokauka hukatika, mbichi hujipinda tu. Kwaruza shina kwa ukucha, hasa kwenye pingili. Ngozi ikichunika, ngoja. Marobota madogo yasizidi unyevu wa asilimia 20, na yale makubwa ya mviringo yawe makavu zaidi. Najua kontrakta wa mashine hasubiri, na wingu likitanda juu ya milima ya Mau moyo unadunda. Hata hivyo, robota lililonyeshewa ni hasara ndogo kuliko stoo nzima. Yale unayoyatilia shaka yaweke kando, marundo madogo madogo yenye nafasi kati yake, mbali na nyumba na zizi.

Kisha tengeneza kipimo chako. Fundi wa kuchomelea atakuchongea ncha kwenye bomba jembamba la chuma, na kutoboa vitundu karibu na ncha hiyo. Simama pembeni mwa rundo, sukuma bomba hadi kati, teremsha ndani yake kipimajoto kilichofungwa kwa uzi, ngoja dakika 15. Kama huna kipimajoto, chomeka nondo uiache nusu saa. Ukiivuta na kushindwa kuishika kwa kiganja, rundo ni la hatari. Chini ya nyuzi 50 endelea na shughuli zako. Zikipita 55, pima kila siku. Zikifika 70, pima kila baada ya saa chache, na uwaarifu zimamoto kabla hujaona moshi wowote. Zikifika 80, acha kupima, ondoa watu na mifugo, na uwaite waje.

Andaa mambo ya zimamoto ukiwa na akili tulivu. Namba 999 na 112 kila mtu wa nyumbani azijue, na ya kaunti iandikwe ukutani. Kutoka Nakuru mjini hadi Njoro ni kama kilomita 20, na barabara za ndani huwa tope, kwa hiyo amueni mapema nani atasimama barabarani kuwaongoza, lango lipi linapitisha lori, na maji yako wapi: bwawa, kisima au tenki. Mweleze anayepokea simu kwamba ni nyasi zilizojipasha joto, maana hapo watajua kuja na vifaa vya kupumulia.

Sasa jambo linaloua watu. Ukiona mvuke au moshi, mkono utawashwa kuyavuta marobota ili "kuyapoza". Nakusihi usifanye hivyo. Anayechoma makaa anajua tanuri lililofunikwa udongo hufuka polepole, na ukilitoboa, moto hulipuka papo hapo. Rundo ni tanuri lile lile, na hewa ndiyo linayoisubiri. Lisifunguliwe mpaka mipira ya maji iwe imejaa na watu wenye vifaa wamefika. Usimwache kijana wako wa kazi apande juu yake pia, hata kwa sekunde moja. Kati huwa pameungua pakawa shimo, juu panaonekana pazima, na mtu huzama ndani ya makaa. Ndani ya stoo iliyofungwa mna kaboni monoksidi, gesi ileile inayowaua waliolala na jiko la makaa, na haina harufu ya kukuonya. Kumwagia maji juu nako hakusaidii sana, kwani huteleza nje na kati hubaki kavu.

Zimamoto walipofika kwangu walilowesha kwanza, kisha trekta ikatoa marobota machache machache hadi shamba tupu, mtu mmoja akifuata na mpira. Lililotoka katikati kabisa lilikuwa jeusi kama tumbaku. Liliguswa na upepo likashika moto mbele yetu, likazimwa hapo hapo. Tuliyatawanya mengine, tukayamwagia, na kwa siku kadhaa tulipokezana zamu usiku na mchana, kwa sababu yaliyoonekana yamezimika yaliendelea kufuka. Hakuna robota lililorudi stooni.